Brashi za jina kubwa au za Darajani: kwa kupamba biharusi kipi kinalipa?

pambo_mlandege

Assalaam alaykum. Nauliza wanaopamba kwa kazi, si kwa kwenda sherehe tu. Nina ile seti ya brashi 24 za mkoba mweusi, zile za elfu ishirini na kitu sokoni Darajani, Unguja. Ina kasoro tatu. Nywele zinabaki usoni kwa mteja. Rangi ya macho inakaa mabakamabaka kwenye mkunjo wa kope hata nikiiblendi (kuisambaza ili mpaka wake usionekane) dakika nzima. Na brashi ya faundesheni inaacha mistari kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nimetenga laki mbili. Kuna duka wananiambia nichukue brashi tano za MAC, ile kampuni kubwa ya vipodozi, kwa fedha hiyo hiyo, seti niitupe. Tofauti ipo kweli au ni jina? Na hizo za ghali zinaivumilia hali ya hewa yetu?

---

bi_wanja

Waalaykum salaam. Tofauti ipo, ila haipo kwenye kila brashi, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea. Kabla ya kufikiria bei zitenge brashi zako mafungu mawili: zinazogusa majimaji na krimu (faundesheni, konsila, wanja wa jeli, rangi ya mdomo), na zinazogusa unga (poda, blasha, rangi ya macho).

Fungu la kwanza usilitolee fedha nyingi. Nyuzi za sinthetiki ni laini mwili mzima na hazinywi kitu, kwa hiyo faundesheni inakaa juu yake na kuteremka kwenye ngozi. Unywele wa mnyama una magamba madogo madogo kama wa binadamu, unakunywa krimu, unaganda, na kuuosha ni adhabu. Brashi ya faundesheni ya mbuzi, hata iwe ya laki, itafanya kazi vibaya kuliko sinthetiki ya elfu nane.

Hiyo mistari yako haitokani na bei, inatokana na umbo. Bila shaka unatumia ile bapa nyembamba kama ulimi. Hiyo inaburura, kila unywele unaacha njia yake. Tafuta ya mviringo iliyokatwa juu bapa, nywele zimeshonana, zimetoka nje kama sentimita 2 hadi 2.5. Ukiibonyeza kwa kidole irudi mara moja, isilale. Weka faundesheni nyuma ya kiganja, nusu pampu inatosha shavu moja na nusu ya paji, chovya ncha tu, halafu gongagonga kwanza ndipo uzungushe. Anayeanza kwa kuzungusha anaisukumia faundesheni yote kwenye mstari wa nywele.

Fungu la pili ndilo lenye mjadala. Yale magamba ya unywele wa mnyama yanashika unga na kuuachia kidogo kidogo, ndiyo maana brashi ya mbuzi inablendi bila taabu. Sinthetiki ya bei chee haina pa kuushikia. Inabeba rangi nyingi kwenye ncha na kuimwaga yote pale inapogusa mwanzo. Ndiyo hilo baka lako. Tena nyuzi zenyewe zina unene mmoja toka shina hadi ncha na zimekatwa kwa mkasi, kwa hiyo ncha ni butu. Zinakwaruza, na badala ya kuilainisha rangi zinaiondoa ulikokwisha kuiweka. Sinthetiki nzuri ya siku hizi ncha yake imechongoka, na mara nyingi nyuzi zimepewa mawimbi kidogo ili unga upate pa kukaa. Imekaribia sana ya mbuzi. MAC wenyewe ile brashi yao ya kublendi macho, namba 217, iliyosifiwa miaka na miaka ilikuwa ya mbuzi, sasa wanauza 217S ya sinthetiki.

Za ghali kabisa ni za Japani, khasa za mji wa Kumano, mkoa wa Hiroshima. Kule ncha ya unywele haikatwi. Nywele zinapangwa zifuate umbo tangu mwanzo, kwa mikono, ili ule mwisho wake wa asili ndio uguse ngozi. Hapo unalipia kazi ya mkono, na inaonekana. Wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Japani walipotwaa Kombe la Dunia 2011, serikali yao iliwatunuku brashi za Kumano. Basi ujue zinavyothaminiwa. Lakini kwa blasha na poda ya biharusi anayetoka jasho chumba kizima kimejaa watu? Hapana, hizo ni za meza ya mtu mwenyewe nyumbani.

Kwa hiyo toa fedha kwenye brashi mbili za kublendi macho, na labda moja ya blasha. Nyingine zote nunua za kawaida ila zichague.

---

chake_sokoni

Nakubaliana na bi_wanja kwa asilimia kubwa, ila dada kasahau hesabu ya siku ya harusi.

Harusi haina uso mmoja. Kuna biharusi, mama yake, mawifi, shangazi, na yule mdogo wa mwisho anayelia mpaka apakwe naye. Nyuso tano au sita asubuhi moja. Brashi moja nzuri ya kublendi utaioshaje katikati ya mteja na mteja? Ikiwa ya mbuzi, kukauka kwake siku nzima, na masika siku mbili. Ukiitumia ikiwa mbichi, rangi inashikana madonge na inaharibu hata unga uliobaki kikoponi.

Mimi nasema usinunue mbili za elfu hamsini hamsini. Nunua sita za sinthetiki yenye ncha iliyochongoka, elfu kumi hadi kumi na tano kila moja. Kila uso na brashi yake. Zilizotumika zinaingia mfuko wa chafu, hazirudi mezani.

Kwa mtu wa kazi idadi ina uzito kuliko jina.

---

bi_wanja

Hapo kwenye idadi umenishika, sina la kubisha. Ila elfu kumi hadi kumi na tano inahitaji jicho, si kila ya bei hiyo ni nzuri. Kuna ambazo ni zile zile za mkoba mweusi zimebadilishwa rangi ya mpini tu.

---

mpini_na_kibati

Hebu kwanza tuliondoe hilo la brashi tano za MAC kwa laki mbili. Hiyo ni elfu arubaini kwa moja, kama dola 15 hivi. Huko Marekani kwenyewe brashi ya macho ya MAC inazidi dola 20 na ya poda inazidi 35, bado nauli na ushuru. Mfanyabiashara hawezi kukuuzia chini ya bei ya huko akapata faida. Ni kopi. Kopi nyingine si mbaya kwa kazi, lakini inunue kwa bei ya kopi.

Sasa namna ya kuikagua brashi dukani, iwe ya elfu tano au ya laki. Usitazame sanduku.

Anza na kile kibati kinachoshika nywele. Shika mpini kwa mkono mmoja, kibati kwa mwingine, jaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, rudisha. Kibati kizuri kimeminywa mistari miwili kuzunguka mpini, mmoja ukilegea mwingine unashika. Kilichominywa mara moja, au hakikuminywa kabisa na kimegundishwa tu, hakimalizi msimu. Kipitishe kidole kutafuta mshono. Kikiwa ni bati lililokunjwa na likaacha ufa, maji yatapita humo kila unapoosha.

Halafu nywele. Zipige kwenye kiganja mara kumi, kisha zishike kwa vidole viwili uzivute taratibu. Brashi mpya kudondosha unywele mmoja au miwili ni kawaida, ni mabaki ya kiwandani. Ikizidi mitano, gundi haikufika katikati ya shada. Hilo huwezi kulitengeneza, na ndilo linaloziacha nywele usoni kwa mteja wako.

Ulaini ujaribu juu ya kope au ndani ya kiwiko, usijaribu kwenye kiganja maana kiganja kigumu kitakudanganya. Ibonyeze wima kwa ncha, usiipapase ubavuni. Kila brashi ni laini ubavuni.

Rangi: lowesha kitambaa cheupe, bana nywele ndani yake. Kikitoka cheusi au waridi, hiyo ni rangi ya bei chee na itahamia kwenye faundesheni ya watu.

Ukiambiwa ni nywele za mbuzi na huamini, omba unywele mmoja ulioanguka uuchome kwa kiberiti. Wa mnyama unanuka kama nywele zilizoungua na unabaki jivu linalosagika. Sinthetiki inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Jaribio hili haliwezi kukwambia ni mnyama gani.

---

pambo_mlandege

Mmenifumbua macho, nimeahirisha ile ya laki mbili. Maswali mawili. Hilo la mnyama ndilo linalonikera: wateja wengine wanauliza kama brashi ina nguruwe ndani yake. Na kuosha: mimi naosha kwa sabuni ya mche, nazisimamisha kwenye bilauri dirishani zikauke. Nakosea?

---

bi_wanja

La nguruwe nitasema ninalolijua kuhusu brashi, fatwa waulizwe wenye elimu. Nywele za nguruwe ni ngumu na ncha yake imepasuka mara mbili au tatu, ndiyo maana zinatumika kwenye brashi za kuchania nywele na za rangi ya mafuta. Kwenye uso hazipendwi, zinachoma. Zinazotumika usoni ni za mbuzi, kuchakuro, farasi, na mnyama mmoja jamii ya kicheche ambaye nywele zake ndizo zinazoitwa sebo. Kwa sisi Mashafii, unywele wa mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisharia una hukumu ya najisi, hata kama ni mbuzi, na hakuna sanduku linaloandika mbuzi huyo alikufaje. Kwa anayepamba watu ambao baada ya hapo wataswali, sinthetiki inamaliza maneno. Mteja akiuliza unamjibu kwa neno moja.

La kuosha namwachia mwingine. Ila hiyo bilauri, mwenzangu! Itoe leo.

---

mpini_na_kibati

Bilauri ndiyo muuaji wa brashi hapa kisiwani. Ukiisimamisha ikiwa mbichi nywele juu, maji yanateremka ndani ya kibati. Mle ndani kuna gundi na mwisho wa mpini wa mti. Gundi inalainika, nywele zinaanza kutoka. Mti unavimba, rangi ya mpini inapasuka, kisha unakauka na kusinyaa na kibati kinaanza kucheza. Masika utaona na ukungu mweusi shinani. Brashi ya laki na ya elfu mbili zinakufa kifo kimoja hapo.

Sabuni ya mche ni kali, ni ya kufulia. Inakausha nywele za mnyama zikawa kama ufagio, na kwa maji ya kisima chetu inaacha ukoko. Mawe ya Unguja ni ya matumbawe, maji mengi ya visima ni mazito, sabuni haitoi povu na kile cheupe kinachobaki kinanata kwenye nywele. Ndiyo maana brashi yako inakuwa ngumu hata baada ya kuiosha.

Fanya hivi. Kwa brashi za unga: maji ya vuguvugu, yasikuunguze kifundo cha mkono, kikombe kimoja na shampuu ya watoto kijiko cha chai. Lowesha nywele tu, ncha zikitazama chini muda wote, maji yasipite nusu ya nywele. Zungusha kiganjani, usizipondeponde kwenye sakafu ya bakuli, zinapinda. Suuza mpaka maji yawe meupe. Kama ni maji ya kisima, suuza ya mwisho kwa kikombe cha maji chenye kijiko kikubwa kimoja cha siki, halafu maji matupu. Ukiwa na maji ya mvua uliyoyakinga, siki huihitaji.

Kwa brashi za faundesheni shampuu peke yake haitoshi, maana faundesheni zisizotoka kwa jasho zina mafuta na silikoni. Mwaga kwenye kisahani mafuta ya nazi kijiko cha chai, zungusha brashi kavu humo mpaka uone rangi inaachia. Kavu, narudia, ikiwa mbichi mafuta hayaingii. Futa kwa karatasi laini, ndipo uoshe kwa tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, mara mbili. Ukiosha mara moja mafuta yanabaki, na kesho yake faundesheni inateleza usoni.

Kukausha: kamua kwa taulo ukielekea kwenye ncha, rudisha umbo kwa vidole, kisha ilaze ukingoni mwa meza nywele zikining'inia nje ili hewa ipite pande zote. Ukiweza zifunge kwenye kamba kichwa chini. Feni ndiyo, jua la saa saba hapana. Sinthetiki nyembamba inakauka kwa saa sita au nane kukiwa na kaskazi. Ile nene ya faundesheni ipe siku nzima. Masika usiamini mkono wako: ncha inakauka mapema, shina bado bichi. Ibane shinani kwa karatasi, ikiacha alama bado haijawa.

---

chake_sokoni

Nyongeza kwa wanaopamba: katikati ya mteja na mteja tumia spirit ya asilimia 70. Ya 99 inakauka kabla haijaua vizuri. Lakini spirit haiondoi uchafu. Futa kwanza rangi kwenye kitambaa mpaka brashi isiache alama, ndipo upulize ncha mpaka ziloe, uache dakika tano. Usichovye brashi nzima, spirit nayo inakula gundi ya kibati, na mpini wa plastiki unaomeremeta kama kioo unapasuka vinyufa. Kwenye nywele za mbuzi uifanye kwa nadra, zinakauka na kukatika.

Krimu na rangi ya mdomo usizitoe chomboni kwa brashi. Chota kwa kijiti uweke kwenye kisahani. Brashi ya maskara tumia zile za kutupa, moja kwa mtu mmoja, basi. Macho mekundu yanapita harusi nzima kwa kijiti kimoja.

---

pambo_mlandege

Ahsanteni sana. Sasa kwa hiyo laki mbili, mngenigawia vipi? Na zile 24 nizitupe zote?

---

chake_sokoni

Usizitupe. Kwenye seti kama hiyo kwa kawaida kuna nne au tano za kuokoa: bapa ndogo za kubandikia rangi juu ya kope, ya konsila, ya mshazari ya nyusi, na kile kichana. Hizo kazi yake ni kubandika tu, hazihitaji ncha ya maana. Ile kubwa ya poda ikiwa inadondosha, achana nayo.

Mgao wangu: sita za kublendi kama nilivyosema, tuseme elfu sabini au themanini. Za faundesheni tatu, elfu thelathini. Blasha mbili, elfu ishirini na tano. Kwa poda usinunue brashi kabisa, nunua pafu za kitambaa kumi, vile vijimto laini vya kubonyezea poda. Kwenye joto letu poda inabonyezwa, haipapaswi. Brashi inapita juu ya faundesheni ambayo bado mbichi na kuisogeza, ndipo pua inaanza kumenyuka kabla biharusi hajatolewa nje. Kinachobaki ni shampuu, spirit, na mkoba wenye mifuko ya kutenga safi na chafu.

---

bi_wanja

Mgao mzuri. Mimi ningetoa blasha moja na kuongeza brashi ndogo mbili zenye ncha kama penseli, za chini ya jicho na kona ya ndani. Wanja wetu ni mzito, biharusi wa Kizanzibari bila wanja uliokolea hajapambwa, na kuulainisha pembezoni kwa brashi kubwa ya kublendi kunamgeuza popo.

---

wete_pwani

Naingilia kidogo. Brashi yangu nzuri, kibati kimetoka kwenye mpini, nywele zote zimo salama. Super gluu itafaa?

---

mpini_na_kibati

Hapana. Super gluu ni nyepesi kama maji, inapanda kwenye nywele na kuzigeuza msumari, tena inakuwa kavu na kukatika ukiigonga. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Kwanza acha mpini na kibati vikauke siku mbili mbalimbali. Kwangua gundi ya zamani kwa msasa, changanya kiasi cha punje ya kunde, paka kwenye mpini tu usipake ndani ya kibati, ingiza, funga kwa uzi, na uilaze mpaka kesho yake.

---

pambo_mlandege

La mwisho: kikopo changu cha rangi ya macho ya kahawia, unga wake umefanya ngozi ngumu inayong'aa juu, hata brashi mpya haichoti.

---

bi_wanja

Hayo ni mafuta ya ngozi na ubichi wa brashi, umechovya, ukarudisha, ukachovya. Chukua selotepu, bandika juu ya unga bila kukandamiza, inyanyue. Rudia mpaka ile ngozi itoke na uone unga hafifu chini yake. Ikiwa sugu, kwangua kidogo kwa mswaki mkavu, kisha upulize spirit juu na uache wazi mpaka ukauke kabisa kabla hujafunga kifuniko.